Ubuntu 20.04 muda wake umeisha: nipande toleo sasa au nisubiri msimu upite?

dada_wa_kihonda (11 Juni 2025, saa 3:40 usiku)

Wakuu habari za usiku. Naomba ushauri kabla sijajiharibia mwenyewe.

Nina steshenari ndogo Kihonda, hapa Morogoro. Kompyuta mbili za mezani, printa mbili (moja leza ya zamani nyeusi tupu, nyingine ya rangi yenye skana), mashine ya kopi, basi. Mwaka 2021 mdogo wangu alikuja likizo kutoka chuo, akanitolea ile Windows ya kubumba iliyokuwa imejaa virusi vya flashi za wateja, akaniwekea Ubuntu 20.04 (mfumo endeshi wa bure, wa familia ya Linux) kwenye mashine zote mbili. Wiki ya kwanza nilitaka kulia. Wiki ya tatu akaja mteja na flashi ambayo mafolda yote yamegeuka shotikati, nikaichomeka, nikafungua kazi yake, nikamtolea kopi, na mashine yangu haikupata hata chafya. Tangu siku ile sina hamu ya kurudi nilikotoka.

Shida ni hii. Kwa karibu miaka mitatu kila baada ya muda kunatokea kidirisha kinanialika toleo jipya, nami nabonyeza nisikumbushwe. Mwezi huu maneno yamebadilika, sasa kinasema muda wa msaada wa kawaida wa 20.04 umekwisha. Mdogo wangu ameajiriwa mbali na simu anapokea Jumapili kwa Jumapili.

Na dirisha la maombi ya mkopo wa vyuo liko mlangoni. Wenye steshenari mnajua: kuanzia sasa hadi mwisho wa Agosti ni watoto na wazazi wao kutwa nzima, kuskani vyeti vya kuzaliwa, kuprinti fomu, waende kwa mtendaji, waende kwa wakili, warudi tena kuskani. Miezi hiyo ndiyo inanilipia pango la mwaka. Mashine ikinigomea siku mbili tu foleni inahamia kwa jirani, na mteja akishahama hurudi mwakani.

Mashine A: RAM GB 4, hadidiski ya kuzunguka GB 500, ndiyo imeunganishwa na leza ya zamani (mdogo wangu alikesha siku mbili hadi leza ikamkubali, sijui alifanya nini). Mashine B: RAM GB 8, SSD GB 240, ina printa ya rangi. Intaneti ni bando la simu. UPS ninayo moja, inashika dakika kumi na kitu. Umeme mnaujua.

Maswali: nipande sasa nimalize, au nisubiri Septemba? Nikisubiri, hatari yake ni nini hasa? Na je, naweza kuruka moja kwa moja hadi 24.04?

---

terminali_tupu (saa 3:52 usiku)

Dada weka Arch Linux. Hutaulizwa tena lini upande, maana utakuwa unapanda kila siku.

---

dada_wa_kihonda (saa 3:58 usiku)

Kaka asante, ila kesho saa moja asubuhi nina mtu wa ratiba ya mazishi kopi 150.

---

fundi_tanga (saa 4:35 usiku)

Dada, usibonyeze kitu leo. Na usimsikilize huyo wa juu, anajua mwenyewe kwamba anatania.

Tuanze na hatari. 20.04 ilitoka Aprili 2020 ikiwa na ahadi ya miaka 5, na msaada wa kawaida umekoma 31 Mei mwaka huu. Kukoma huko hakumaanishi mashine itazima wala printa itanuna. Itaendelea kuchapa vilevile. Kinachokoma ni viraka vya usalama: tundu likigunduliwa Julai, kwako halizibwi. Kwa mtu anayeandikia barua nyumbani pengine ningesema avumilie. Kwako wewe watu wanaingiza namba zao za siri kwenye kivinjari chako kutwa nzima, hapana.

Lakini kuna mlango ambao wengi humu hawaupiti kwa sababu wanadhani ni wa kulipia. Unaitwa Ubuntu Pro. Ni bure kwa mashine zisizozidi 5, na biashara yako mwenyewe inaruhusiwa. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya Ubuntu, wanakupa tokeni (msimbo wako wa kujisajili), halafu kwenye terminali (dirisha la kuandika amri):

`sudo apt update && sudo apt upgrade`
`sudo pro attach TOKENI_YAKO`
`pro status`

Hapo viraka vya 20.04 vinaendelea kuja mpaka 2030. Bando linaloliwa ni dogo, mfumo haubadiliki, leza haiguswi. Fanya kwa mashine zote mbili usiku huu au kesho baada ya kufunga, halafu ingia kwenye msimu wako kwa amani. Septemba tutazungumza habari ya kupanda.

Narudia kwa sababu nimeona uzi nyingi humu watu wanachanganya: kusasisha na kupanda toleo si kitu kimoja. Kusasisha ni zile pakiti ndogo za kila wiki, hizo usiziache hata katikati ya msimu. Kupanda toleo kunabadilisha kila kitu kuanzia kerneli (kiini cha mfumo) hadi LibreOffice (programu ya kuandikia), na hiyo ndiyo inayochaguliwa siku.

Kuruka 20.04 hadi 24.04 kwa njia ya kupanda haiwezekani, lazima upitie 22.04. Ni safari mbili, na kwangu kila moja ilikula kati ya GB 1.5 na 2. Kwa mashine ya miaka minne iliyotiwa vitu na mtu mwingine, mimi ningefuta na kusimika upya kwa flashi. ISO (faili la kusimikia) ya Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6 lakini unaipakua mara moja tu, ukitaka unaitumia kwa mashine zote.

Na kwa wanaosoma wakiwa 22.04 wakijiona wamechelewa: hamjachelewa, muda wenu ni hadi Aprili 2027. Ubuntu yenyewe haimwaliki mtu wa toleo la muda mrefu mpaka lile jipya litoe ".1" yake (marekebisho yake ya kwanza). 24.04 ilitoka Aprili 2024. ".1" ilipangwa 15 Agosti, ikasogezwa hadi 29 Agosti, na hata baada ya hapo mlango wa kupanda kutoka 22.04 ulifungwa tena kwa muda kwa hitilafu ya programu ya kupandishia. Mimi nilikuwa nimejifanya mjanja, nimelazimisha kupanda kabla ya wakati kwa `-d` mwezi Mei. Nilikula jeuri yangu wiki nzima na sauti isiyotoka.

Halafu kumbukeni ya xz (programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo kwenye Linux nyingi), Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz. Waliokuwa nao ni wale wa matoleo ya mbele kabisa ya Linux: Debian ya majaribio, Fedora Rawhide, na wenzao. Waliokuwa kwenye Debian thabiti, au kwenye 20.04 kama yako, haukuwagusa. Beta ya 24.04 yenyewe ilicheleweshwa wiki moja kwa ajili ya kujengwa upya. Kwa hiyo mtu akikucheka kwamba unatumia kitu cha zamani, mwache acheke.

---

mwl_mstaafu (12 Juni, saa 12:10 asubuhi)

Binti yangu, mimi nimeondoka kazini sasa, ila niliwahi kutunza maabara ya kompyuta ya shule, mashine 14, zote Ubuntu 16.04. Mwaka 2019 nikaamua kuzipandisha kwenda 18.04. Nikachagua Alhamisi. Jumatatu yake vidato vya nne walikuwa na mtihani wa vitendo. Kwa nini nilichagua Alhamisi ile? Kwa sababu kifurushi cha intaneti ya shule kilikuwa kinaisha Ijumaa. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu nzima.

Nikazianzisha zote kwa mkupuo nijisikie mkubwa. Saa tisa alasiri umeme ukakatika. Tano zilikuwa zimemaliza. Tisa zilikuwa katikati ya kufungua pakiti, nusu mfumo wa kale nusu mpya. Ulipowaka, tisa zile zikaleta skrini nyeusi yenye maandishi. Nililala shuleni siku tatu. Saba nilizifufua kwa kuingilia hali ya uokoaji na kuandika `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt -f install`, tena na tena. Mbili nilizifuta. Lawama sikumpa mtu, siku niliichagua mwenyewe.

Ninachotaka kukuambia ni hiki. Programu ya kupandishia hupakua karibu kila kitu kwanza, ndipo ianze kusimika. Kwa hiyo watu huogopa bando kukata, na bando likikata wakati wa kupakua si neno, unaanza tena. Cha kuogopa ni umeme wakati wa kusimika. Na kwenye hadidiski ya kuzunguka kusimika kunaweza kwenda saa moja na nusu, UPS ya dakika kumi haikufikishi popote. Kama kuna mtu ana jenereta au betri ya sola, azima siku hiyo, umlipe.

Pia anza daftari la mashine sasa hivi, usingoje Septemba. Andika `lpstat -v` (amri ya kuorodhesha printa) inasema nini, na orodha ya yaliyomo kwenye `/etc/apt/sources.list.d`. Leza ile mdogo wako hakuikesha bure, ameiwekea draiva kutoka mahali, na hazina za nje (vyanzo vya programu visivyo vya Ubuntu yenyewe) huzimwa wakati wa kupanda. Mkamate Jumapili akueleze aliitoa wapi, ukiwa bado unaiona inafanya kazi.

---

saiba_likoni (saa 4:20 asubuhi)

Hamjambo nyote. Dadangu, mimi nina saiba Likoni, Mombasa. Huku kwetu mwezi wa sita ni watu wa marejesho ya kodi, mwisho tarehe 30, na wote huja kuanzia tarehe 25. Mtu akiniambia nibadilishe mfumo Juni nitamfukuza kwa ufagio.

Nakubaliana na fundi kuhusu kungoja, ila hiyo mashine A yako ya GB 4 na diski ya kuzunguka, Ubuntu 24.04 ya kawaida itakuwa nzito. Utabonyeza Firefox uende ukakaange mahamri urudi. Wengi watakwambia Xubuntu, ile Ubuntu nyepesi. Angalia kitu kimoja kabla hujakubali: ndugu wa Ubuntu kama Xubuntu hupewa miaka 3, si 5. Xubuntu 24.04 yaisha 2027, na hapo utakuwa hapahapa waandika uzi kama huu. Linux Mint 22 ya Xfce (mwonekano mwepesi) imejengwa juu ya 24.04 ileile lakini wataitunza hadi 2029, na ISO yake iko chini ya GB 3. Mimi ndiyo natumia.

Jambo jingine ninalolipenda kwa Mint, hawana haraka. Mint 20 ilitoka Juni 2020, 21 ikatoka Julai 2022, 22 ikatoka Julai 2024. Yaani Ubuntu ikishatoka Aprili, wao hukaa miezi mitatu wakiipepeta ndipo waitoe. Na mimi hukaa hadi Novemba juu ya hapo. Sijawahi kujuta.

---

dada_wa_kihonda (13 Juni, saa 2:15 usiku)

Shikamoo mwalimu. Asante fundi, asante kaka wa Likoni.

Nimefanya ya Pro jana usiku kwenye A na leo kwenye B. Tokeni ya kwanza nilikosea kunakili, ya pili ikakubali. `pro status` inaonyesha esm-infra na esm-apps (viraka vya muda wa ziada) zote zimewashwa. Leza imechapa asubuhi kama kawaida, kopi 150 za ratiba ya mazishi zimeenda. Daftari nimeanza, ni lile la madeni, nimeligeuza upande wa nyuma.

Fundi, swali moja: Septemba nianze na mashine ipi?

---

fundi_tanga (saa 3:05 usiku)

B. Ile isiyo na leza. Ukishaisimika, ishi nayo wiki mbili kabla hujaigusa A. Ikikugomea bado una A ya kukulisha.

Na kabla ya kusimika, iwashe kwa flashi bila kusimika, chagua ile ya kujaribu. Ukiwa humo humo kwenye flashi, chomeka printa ya rangi, tazama kama inajitokeza, skani karatasi moja. Fungua faili zako tatu nne za wateja za docx, hasa zenye majedwali na picha. LibreOffice ya 20.04 ni 6.4, ya 24.04 ni 24.2 (walibadili kuhesabu, sasa ni mwaka na mwezi), mistari inaweza kusogea. Halafu ondoa flashi, peleka kwa mashine A, chomeka leza, jaribu vilevile. Hapo utajua jibu la leza bila kugharimika chochote.

---

mwl_mstaafu (saa 3:30 usiku)

Marahaba. Daftari la madeni usilipoteze.

---

dada_wa_kihonda (21 Septemba 2025, saa 1:50 usiku)

Wakuu nimerudi, niliahidi mrejesho.

Msimu ulienda salama, mashine zote mbili kwenye 20.04, viraka vikija. Jumapili iliyopita, tarehe 14, ndiyo niliyoichagua. Dirisha la mkopo lilishafungwa, shule zilishatulia, na Jumapili huwa nafungua jioni tu. ISO nilipakua kwa bando la usiku, siku mbili. Mwenye saluni jirani ana betri ya sola, nimemlipa elfu tano akanipitishia waya dirishani, asubuhi mpaka saa nane mchana. Umeme haukukatika hata dakika! Elfu tano imeenda na sijaijutia.

Jaribio la flashi: printa ya rangi ilijitokeza yenyewe hata sijabonyeza kitu, skana nayo. Faili za wateja zilifunguka, isipokuwa kiolezo changu cha kadi za michango ya harusi ambacho mstari wa mwisho ulirukia ukurasa wa pili. Nimepunguza pambizo, kimekaa. Nikapeleka flashi kwa A. Leza ilionekana jina, lakini karatasi haitoki. Nilipiga simu kwa mdogo wangu, akasema draiva ile aliiokota mahali, ni ya zamani ya biti 32, na hakumbuki hatua zote alizopitia. Ndiyo hiyo mwalimu aliyoisema.

Kwa hiyo B nimesimika 24.04 upya. Inakimbia. A nimeiacha 20.04 ilivyo na Pro yake, itakaa na leza mpaka mmoja wao afe. Likoni, ushauri wako wa Mint nimeuweka kwenye daftari kwa siku hiyo.

Nilikoteleza ni hapa, msirudie. Nilinakili folda zote za nyumbani kwenye diski ya nje, nikajisifu, nikafuta B. Baada ya kumaliza nafungua Firefox: nyeupe pee. Alamisho zote za tovuti za maombi, nywila zangu za barua pepe ya ofisi, hakuna. Kumbe vilikuwa kwenye `.mozilla`, folda iliyofichwa, na mimi nilinakili nilivyoviona kwa macho tu.

---

fundi_tanga (saa 2:20 usiku)

Ctrl+H kwenye kidhibiti cha mafaili ndiyo inayofichua zilizofichwa. Nilipaswa kukuambia Juni, nisamehe. Wengine mkinakili: kwenye 20.04 Firefox ilikuwa pakiti ya kawaida, folda iko `~/.mozilla`. Kwenye 24.04 inakuja kama snap (pakiti inayojitegemea), inasoma `~/snap/firefox/common/.mozilla`. Ukiirudisha pale pa zamani haitaiona.

A si ilikuwa na alamisho hizohizo?

---

dada_wa_kihonda (saa 2:31 usiku)

Alamisho zipo, nimezihamisha kutoka A kwa faili la HTML. Nywila ndiyo nimeanza upya moja moja.

Jirani wa duka la simu kasikia Windows 10 yake inaisha msaada 14 Oktoba, anataka flashi yangu kesho asubuhi. Nimpe?

---

mwl_mstaafu (saa 2:40 usiku)

Mpe flashi. Diski ya nje pia, na umwambie abonyeze Ctrl+H... samahani, hiyo ni ya huku kwetu. Muulize kwanza ana nini humo ndani, na nani mwingine anaitumia.

---

terminali_tupu (saa 2:44 usiku)

Mwambie aweke Arch.

---

dada_wa_kihonda (saa 2:45 usiku)

😂 Huyu bado yupo.